Mti wa Mheshimiwa na Kiriba Chake

Kuna nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaipata, ila ukiiuliza itakana kuwa ndiyo. Ina bendera, ina wimbo, ina viwanja viwili vya ndege, kimoja cha wananchi na kimoja kinachofanya kazi. Ina pia chuo kikuu, na ndani ya chuo hicho kuna bustani ya miti iliyoanza kuota kabla bendera haijashonwa. Watu waliiita Bustani Kongwe, na jina hilo likawatosha.

Mkuu wa bustani hiyo alikuwa mama mmoja aitwaye Mwantumu Pazi. Barua yake ya ajira ilimtaja kuwa Mkuu wa Kitengo cha Utunzaji wa Viwanja vya Kihistoria na Maeneo ya Kijani, cheo kirefu kilichokuja bila kiti wala meza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na hasira za karibu. Aliipenda Bustani Kongwe waziwazi, bila haya, jinsi mtu anavyoipenda nyumba ya kwao. Mikangazi ile mikubwa, iliyojipanga kutoka lango kuu mpaka maktaba, ilipandwa na wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo wakisaidiana na wapishi wao, siku ambayo mwalimu wa hesabu hakutokea darasani. Chini yake vizazi vilisoma, maana mabweni yana paa la bati na ikifika saa sita mchana yanaiva. Chini yake watu walichumbiana, walilia matokeo, walisinzia. Mwantumu naye alisomea hapo, na siku alipopewa kazi alijiapiza kwamba hakuna mkangazi utakaoanguka yeye akiwapo, labda uamue wenyewe.

Basi ikatokea kwamba chuo kilimpa Mheshimiwa, mkuu wa nchi, shahada ya heshima ya elimu ya misitu. Kwa nini misitu, hatujui. Inasemekana shahada nyingine zote alikuwa nazo.

Katika nchi hiyo mgeni rasmi haondoki bila kupanda mti. Ni desturi, kama chai ya asubuhi. Mwantumu akaandaa mche mzuri wa mkangazi, umesimama wima ndani ya kiriba chake, kile kifuko cheusi cha plastiki ambacho miche huoteshewa kitaluni. Akachimba shimo, akaweka mbolea, akaweka wembe mdogo juu ya kitambaa cheupe kwa ajili ya kuchania kiriba. Mheshimiwa akavishwa glavu nyeupe. Akaushika mche kwa mikono miwili, akautazama kwa upendo, akautia shimoni na kiriba chake. Halafu akafukia.

Hapakuwa na mtu pale asiyejua kwamba mambo yameharibika. Maprofesa walijua. Mpiga picha alijua. Walinzi wa Mheshimiwa walijua, wengi wao watoto wa wakulima. Mwantumu alifungua mdomo, lakini Afisa Itifaki, Bwana Fikirini, alimkanyaga kidole cha mguu kwa kiatu chenye kisigino cha chuma.

"Unataka kufanya nini?" akamnong'oneza.

"Hajavua kiriba."

"Mama Pazi, soma ratiba. Kuna 'Mgeni rasmi kupanda mti', kisha kuna 'Makofi'. Hapo katikati unaona 'Marekebisho'?"

Mwantumu alisoma ratiba. Ni kweli, marekebisho hayakuwamo. Makofi yakapigwa, na ule wembe ukarudishwa ndani ya kitambaa chake.

*

Sasa usidhani jambo hilo liliishia hapo. Kiongozi akikosea katika nchi ile hakosei peke yake, huungwa mkono.

Wiki haikuisha, Profesa Evarist Lugendo akatoa andiko la kitaalamu lililothibitisha kwamba kiriba ni ngozi ya pili ya mche, na kwamba kuuvua mche ni kuudhalilisha. Andiko lilisomwa redioni kati ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Mwezi uliofuata Wizara ikapiga marufuku upandaji wa miche iliyo uchi. Mzee mmoja alikamatwa shambani kwake akichana viriba vya mipapai, akashtakiwa kwa kosa la kuvua nguo miche hadharani, na alipojitetea kwamba alikuwa peke yake shambani, hakimu alimwambia hilo ndilo linaloongeza uzito wa kosa. Profesa Lugendo akapandishwa, akapandishwa tena, mpaka akawa Makamu Mkuu wa Chuo, akapewa nyumba yenye bustani ndani ya uzio.

Na ule Mti wa Mheshimiwa, kama ulivyotajwa rasmi, ukapewa uzio wa chuma, kibao cha shaba na askari wawili, mmoja wa kuulinda dhidi ya mbuzi na mwingine wa kumlinda huyo wa kwanza. Kumwagiliwa ulimwagiliwa kwa kibali. Kila mwaka ulifanyiwa sherehe ya kuzaliwa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walilazimishwa kuuimbia.

Ila kukua haukukua. Mizizi ilizunguka ndani ya kiriba ikitafuta mlango, na mlango haukuwapo. Miaka ikaenda, wanafunzi waliouimbia wakahitimu, wakaoa, wakanenepa, wakaleta watoto wao kuuimbia, na mti bado ulikuwa kimo cha goti. Ulikuwa na majani manne. Moja likidondoka, chuo kilitoa taarifa kwamba Mti uko buheri wa afya na unaendelea na majukumu yake ya kawaida.

Mwantumu aliupita kila asubuhi, roho ikimuuma. Hakuwa na ugomvi na mche. Mche ulikuwa mfungwa tu kama wafungwa wengine.

*

Kisha ikaja barua kutoka Ikulu. Mheshimiwa angekuja kwenye jubilei ya chuo, na angependa, barua ilisema, kupumzika chini ya kivuli cha mti alioupanda kwa mikono yake.

Profesa Lugendo aliisoma mara moja akakaa. Akaisoma mara ya pili akasimama. Akaitisha kikao cha dharura, na kwa kuwa kilihusu mti, Mwantumu naye akaitwa, akapewa kiti cha plastiki karibu na mlango.

"Ndugu wajumbe," Profesa akaanza, "kwa ruhusa yenu na itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba niseme kwamba changamoto tuliyonayo si kimo cha Mti. Mti una kimo chake halali. Changamoto ni mtazamo."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa.

"Mti unaonekana mfupi," akaendelea, "kwa sababu umezungukwa na miti iliyojirefusha bila idhini. Ile mikangazi ya Bustani Kongwe, nani aliiruhusu kufika pale ilipofika? Naomba muhtasari wa kikao kilichoiruhusu."

Muhtasari haukupatikana. Katibu alitafuta mafaili yote.

"Basi!" Profesa akapiga meza. "Napendekeza mikangazi yote ikatwe iwe chini ya kimo cha Mti wa Mheshimiwa. Mgeni rasmi mwenyewe atazindua ukataji. Atapeperusha kibendera, misumeno italia, na Mti wake utabaki kuwa mrefu kuliko yote chuoni. Hapo ndipo atakapoona maendeleo."

Mwantumu akasimama bila kupewa nafasi.

"Profesa, kama shida ni kivuli, si tuhamishe kile kibao tu? Tukibandike kwenye mkangazi mmoja mkubwa. Mheshimiwa akae pale, apate kivuli, aondoke na furaha yake. Miti ibaki."

Bwana Fikirini akavua miwani.

"Mama Pazi, unatushauri tughushi?"

"Nawashauri tusikate."

"Kuhamisha kibao ni kughushi," akasema Bwana Fikirini kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Kukata miti ni maandalizi. Tofautisha."

"Na kivuli chenyewe?" akauliza mjumbe mmoja. "Hata tukikata yote, kimo cha goti kitamfunika nani?"

Swali hilo lilitesa kikao mpaka chai ikapoa. Mmoja alipendekeza kivuli kitolewe na mwavuli wa kijani utakaojificha nyuma ya Mti. Mwingine alipendekeza ufanyike utafiti. Mwishowe Profesa mwenyewe akapata ufumbuzi, akautoa akiwa amefumba macho: kama mti hauwezi kupanda, mgeni rasmi anaweza kushuka. Lichimbwe shimo la heshima pembeni ya Mti, liwekewe zulia jekundu na kiti cha enzi, na Mheshimiwa akikaa humo ndani, majani manne yatakuwa juu ya kichwa chake. Wajumbe walipiga makofi mpaka wakasahau kufunga kikao.

Mwantumu alitoka nje peke yake. Akashika shina la mkangazi wa kwanza pale langoni, ule ambao gome lake limelainishwa na migongo ya wanafunzi, akalia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya khanga na kujiuliza afanye nini. Aliandika malalamiko kwa Wizara ya Mazingira. Wizara ikamjibu kwamba malalamiko ya miti hupokelewa yakiletwa na mwenye mti, na mikangazi ilikuwa haijawahi kujiandikisha.

*

Siku ya jubilei jua lilikuwa na hasira. Mafundi wa misumeno ya injini walikuwa wamejipanga, kila mmoja na mkangazi wake, wamevaa fulana zenye picha ya mche. Bendi ya polisi ilipiga. Kiitikio cha chuo kikatolewa: Bwana Fikirini akasema "Tukue!" na umati ukajibu "Kwa kiasi!"

Mheshimiwa akateremshwa shimoni kwa ngazi yenye mazulia. Alikuwa amezeeka kuliko picha zake. Alikaa, na kichwa chake kikawa sawasawa na usawa wa nyasi, kofia tu ndiyo iliyozidi. Hapo ndipo Bwana Fikirini alipokumbuka jambo lililomtoa jasho jembamba: kwa sheria ya itifaki, hakuna kichwa kinachoruhusiwa kuwa juu ya kichwa cha Mheshimiwa.

"Laleni!" akanong'ona, naye akalala.

Mawaziri wakalala kifudifudi. Mabalozi wakatazamana, wakalala. Maprofesa wakalala na majoho yao, wakuu wa majeshi wakalala kwa ustadi, na Profesa Lugendo akalala karibu zaidi na shimo, kidevu kikiwa ukingoni ili aweze kujibu maswali. Katika uwanja mzima aliyebaki wima ni Mwantumu peke yake, kwa kuwa ratiba ilisema "Mama wa Bustani (amesimama) na ndoo ya maji", na ratiba haivunjwi.

Mheshimiwa akaangalia majani manne yaliyokuwa juu yake. Jua lilipita katikati ya majani hayo na kumpiga usoni.

"Profesa," akasema, "huu ndio mti wangu?"

"Ndio wenyewe, Mheshimiwa. Unakua kwa unyenyekevu."

"Na ile mirefu?"

"Hiyo ni ya kiburi, Mheshimiwa. Leo ukipeperusha kibendera, tutaitia adabu mbele yako."

Mheshimiwa akainua kibendera kilichokuwa mapajani mwake. Mafundi wakavuta kamba wakiwa wamelala, misumeno ikaanza kunguruma. Kisha akakishusha kidogo, akafuta jasho, na macho yake yakampata Mwantumu, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Wote wengine alikuwa anawaona visogo.

"Wewe mama," akasema. "Mbona mti wangu haukui?"

Mwantumu alitazama misumeno, akaitazama mikangazi. Akapiga moyo konde.

"Ulipandwa na kiriba chake, Mheshimiwa."

"Na nini?"

"Kile kifuko cheusi cha plastiki. Kabla ya kupanda kinachanwa, mizizi ipate njia. Huu haukuchanwa. Miaka yote hii mizizi imejikunja humo humo ndani. Hii mikangazi haina kiburi, Mheshimiwa, imeachiwa tu ikakua. Nakuomba isikatwe."

Mpiga tarumbeta mmoja aliangusha tarumbeta na haikutoa sauti, nayo iliogopa.

"Kinachanwa," akarudia Mheshimiwa taratibu.

"Ndiyo."

"Na nilipokuwa napanda, nani alikuwa anajua?"

Uwanja mzima uliolala ulikuwa umezamisha pua kwenye nyasi.

"Profesa Lugendo. Ulijua?"

"Mheshimiwa," Profesa akasema akiwa na udongo mdomoni, "tulikuwa tunasubiri maelekezo."

Mheshimiwa akafanya jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba: akapanda ngazi mwenyewe, bila kushikwa, akapiga magoti na kuuchimbua mche kwa vidole. Kiriba kilitoka kizima, kikiwa kipya kama siku ya kwanza. Akakichana kwa kifungo cha koti lake. Mizizi ilikuwa imejisokota ikawa ngumi. Aliishika kiganjani akaitazama, na walio karibu wanasema macho yake yalilowa, ingawa Ikulu ilikanusha jioni hiyo hiyo.

"Baba yangu alikuwa kinyozi mjini," akamwambia Mwantumu kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu. "Sikuwahi kupanda hata mchicha. Si mngeniambia tu?"

Mwantumu akasema, "Tungekwambia, Mheshimiwa. Tulikuogopa."

Mheshimiwa akatupa kibendera chini. "Zimeni misumeno."

Misumeno ikazimwa. Ndege wakasikika tena juu ya mikangazi. Mwantumu aliweka ndoo chini, na kwa kitambo kidogo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika jamhuri ile.

*

Furaha hiyo ilidumu mpaka Mheshimiwa alipofika kwenye kipaza sauti.

"Wananchi!" akasema. "Leo nimeambiwa ukweli, na ukweli ni kitu kizuri, kwa hiyo utakuwa wa lazima. Kama mimi nilidanganyika nikapanda mti na kiriba, je, mwananchi wa kawaida? Kuna miti mingapi nchini inayoteseka chini kwa chini? Kuanzia sasa natangaza Operesheni Vua Kiriba. Kila mti katika nchi hii utachimbuliwa, mizizi itakaguliwa, kiriba kitavuliwa, na mti utarudishwa. Bila kujali umri wala kimo. Na tutaanzia hapa hapa, Bustani Kongwe, iwe mfano!"

Wote waliolala waliinuka kwa kishindo cha makofi. Profesa Lugendo alipiga zaidi ya wote, na kabla vumbi halijatulia alikuwa ameshaanza andiko jipya kuhusu madhara ya kiriba.

Mwantumu akapenya mpaka mbele. "Mheshimiwa, hii mikangazi haina viriba! Ilipopandwa plastiki ilikuwa haijafika nchini!"

"Uliona ikipandwa?"

"Nilikuwa sijazaliwa."

"Basi tuchimbe tuone," akasema Mheshimiwa kwa upole mkubwa. "Na kwa kuwa wewe ndiye pekee uliyesema kweli, nakuteua Mkurugenzi Mkuu wa Operesheni. Ndani ya eneo la chuo hakuna katapila litakaloshuka bila neno lako."

Wakampa gari, bendera ndogo ya mbele ya gari, na mtu wa kumfungulia mlango. Hakuna mtu nchini aliyewahi kupanda cheo kwa haraka hivyo akiwa analia. Watu walisema ni machozi ya shukrani.

Mche wa Mheshimiwa, ulipopandwa upya bila kiriba, uliishi siku chache ukakauka. Taarifa rasmi ilisema umestaafu.

*

Katapila likafika Bustani Kongwe Jumatatu. Mwantumu alikuwa hajalala usingizi wa maana tangu jubilei. Kukataa alikuwa amejaribu, barua ya kujiuzulu ikarudishwa na mhuri unaosema "Haijajazwa ipasavyo." Kama angeondoka, angewekwa Lugendo. Alikaa kwenye gari lake lenye bendera, akatafakari nguvu zote alizozijua katika nchi ile: jeshi, Wizara, mahakama, itifaki. Hakuna hata moja iliyowahi kuzuia kitu kisifanyike. Kisha akakumbuka visima vya kijijini kwa mama yake, daraja la reli, hospitali ya wilaya, vyote vilivyosubiriwa na watu mpaka wakazeeka, na akakumbuka kilichovizuia. Akashuka garini akitembea kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Zima katapila," akamwambia dereva. "Hatuwezi kuchimba ovyo. Mti una pande. Nani ameainisha upande wa kuanzia?"

Dereva akakuna kichwa. "Mkurugenzi, si tunaanza tu popote?"

"Popote? Operesheni ya Mheshimiwa ianze popote?"

Dereva akazima injini haraka, akateremka na kusimama wima.

Ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Kitaifa ya Kubainisha Upande wa Kuanzia Kuchimba. Mwantumu akawa mwenyekiti. Aliwateua maprofesa wote aliowajua kuwa wanapenda kusema, akamweka Bwana Fikirini kuwa katibu, naye Profesa Lugendo akapewa kamati ndogo ya hadidu za rejea, kazi aliyoipokea kwa heshima na ambayo mpaka leo anaendelea nayo. Vikao vilifanyika papo hapo chini ya mikangazi, kwenye viti vya kukunja, ili wajumbe wawe karibu na suala. Chai ilikuja saa nne, maandazi yakaja nayo.

Kikao cha kwanza kilijadili maana ya upande. Kulikuwa na mjumbe aliyesema mti hauna mbele, kwa hiyo hauna nyuma, kwa hiyo hauna pande. Kulikuwa na mwingine aliyemjibu. Walijibizana msimu mzima wa kiangazi.

Huko nje Operesheni ilikwenda kwa kasi. Miti ya barabarani ilichimbuliwa, miembe ya mashuleni ilichimbuliwa, mitiki, mivinje, hata minazi ambayo haijawahi kuona kiriba tangu dunia iumbwe. Ilikaguliwa, ikarudishwa shimoni, na ikafa ikiwa imekaguliwa. Bustani ya Profesa Lugendo nayo ilipinduliwa ikawa kama shamba la mihogo baada ya nguruwe. Joto likashika nchi. Watu wakaanza kuja Bustani Kongwe na mikeka, na Mwantumu akawaandikisha wote kuwa waangalizi wa kikao.

Hatari ilikuja mara moja tu, nayo ilikuwa kubwa. Kamati iliongezewa mjumbe mpya, Mhandisi Anyelwisye Mwakalobo, kijana mchapakazi, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake.

"Ndugu mwenyekiti," akasema siku yake ya kwanza, akiwa amesimama, "mimi sielewi. Suala hili ni jepesi. Napendekeza tuanze upande wa mashariki, kesho asubuhi. Nani anapinga?"

Wajumbe walimtazama kwa mshangao wa kweli. Wengine hawakujua kwamba kikao kinaweza kuamua. Kwa mbali Mwantumu aliona dereva wa katapila akijinyoosha. Akafungua mdomo kusema kitu, chochote, lakini kabla hajapata neno kukatokea ving'ora.

Ulikuwa msafara wa Mheshimiwa. Aliingia kwa miguu kutoka langoni, kola ikiwa imelowa, akipepewa na watu wawili ambao nao walihitaji kupepewa. Bustani Kongwe ilipochelewa, Ikulu ikawa ya kwanza kuchimbuliwa miti yake, kwa kuonyesha mfano, na inasemekana humo ndani hata mazulia yalitoa jasho. Akapewa kiti chini ya mkangazi wa pili. Wajumbe wakateremka kwenye nyasi kama itifaki inavyotaka.

"Endeleeni," akasema. "Mmefikia wapi?"

Mhandisi Anyelwisye akainua mkono kwa furaha. "Mheshimiwa, kuna pendekezo. Upande wa mashariki, kesho asubuhi. Bado kupitisha tu."

Upepo ulikuwa umeanza kupita kwenye majani, ule upepo wa saa tisa ambao Mwantumu aliujua tangu akiwa mwanafunzi. Mheshimiwa akavua kofia. Akalegeza kola. Akaegemeza kichwa kwenye shina, akatazama juu kule matawi yanakoshikana, na uso wake ukafanana na uso wa mtoto wa kinyozi aliyerudi nyumbani na kukuta kuna maji baridi.

"Mwenyekiti," akasema.

"Mheshimiwa."

"Mashariki ni jambo zito. Msiharakishe."

"Hatutaharakisha, Mheshimiwa."

Mwantumu akamgeukia Bwana Fikirini na kumwambia aandike neno hilo kama lilivyotamkwa, nalo likaandikwa. Machozi yalimjaa, akayaacha yashuke, kwa kuwa mbele ya Mheshimiwa machozi yanaruhusiwa. Mhandisi Anyelwisye alishusha mkono wake polepole, kisha naye akajilaza kwenye nyasi. Mheshimiwa alikuwa ameshaanza kukoroma. Mwantumu akasubiri mpaka mkoromo ukakaa sawa, akaahirisha kikao kwa sauti ya chini ili asimwamshe.